Nilikuwa Nimesimama

Alhamisi, 5 Juni

Nimesahihisha karatasi za kemia mpaka macho yanauma. Nusu ya darasa bado wanadhani oksijeni yenyewe ndiyo inayoungua. Chai imepoa.

Dada Konsolata amepiga simu mara mbili. Jumamosi tunapanda mlimani Bugeshi kusali na kikundi chake cha maombi. Pango letu la zamani la kusalia limefungwa na viongozi wa serikali wa sekta, kwa hiyo kikundi kimepata mahali pengine: shimo pana katikati ya mawe ya volkano. Pametulia, anasema, hata upepo haufiki.

Nimekubali. Huwa nakubali. Mama alipofariki kule Karagwe, dada ndiye aliyeacha shule ili mimi nisome. Nitaanzaje kumwambia kwamba tangu Pasaka ya mwaka jana simwamini Mungu wake? Hakuna kilichotokea. Niliamka asubuhi moja, nikaanza kusali, nikaona naongea na dari.

Jumamosi, 7 Juni

Mzee Anastazi amekufa.

Kalamu nimeiweka chini mara mbili. Niandike hivyo hivyo.

Tulifika asubuhi. Baridi, kimya. Sote tukashuka shimoni, wenzangu wakapiga magoti, wakafumba macho. Mzee Anastazi, shemasi wetu, yeye husujudu kabisa, paji la uso ardhini. Mimi nilisimama. Husimama kila Jumamosi, nyuma yao, mikono mfukoni, na kwa kuwa wamefumba macho hakuna anayejua. Walipoanza kunyamaza mmoja mmoja nilidhani ni uchovu wa mfungo. Kisha dada akaanguka kifudifudi.

Nilimshika makwapani nikamburuta mpaka juu. Kila nilipoinama, kichwa kilizunguka. Wengine walitambaa wakatoka, wakitapika. Mzee hakuinuka.

Jumapili, 8 Juni

Dada yuko hospitali. Anapumua vizuri.

Mazuku. Hapa hata mtoto analijua neno hilo, upepo mbaya unaoua mbuzi mabondeni. Na mimi ndiyo kazi yangu kufundisha: hewa ya ukaa ni nzito, hutoka ardhini, hutuama chini kama maji kwenye beseni. Anayepiga magoti anaivuta. Aliyesimama, kichwa chake kiko juu ya hewa hiyo. Hayo ndiyo maelezo yote.

Nina hasira. Wa kumkasirikia hayupo, na hilo nalo linanikasirisha.

Jumanne, 10 Juni

Tumemzika mzee. Mjane wake alinikumbatia, akanishukuru. Kwa lipi?

Mchungaji alinivuta pembeni. Yeye alikulia Goma, Kiswahili chake ni cha kule. "Mwalimu, Mungu iko na kusudi na we. Wote walianguka, we peke yako ulibakia muzima. Dimanche, Jumapili hii, utatoa ushuhuda. Bon, Jumamosi ingine kanisa yote tutashuka mule, tupige magoti, tufukuze ile roho ya mauti."

Kanisa zima. Na watoto. Nilitikisa kichwa kukubali kama mjinga.

Alhamisi, 12 Juni

Dada ametoka hospitali. Nilimpikia ndizi, nikamweleza habari ya hewa, polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hewa gani hiyo asiyoijua aliyeiumba?"

Nikamwambia anaijua au haijui, itaua tena. Akatabasamu. "Basi wewe mbona haikukupata? Ulikuwa pamoja nasi. Ulisali pamoja nasi."

Nikamwongezea ndizi. Jibu ninalo. Nikilisema, atajua kwamba zaidi ya mwaka mzima nimekuwa nikimdanganya, yeye aliyeniombea tangu nikiwa mchanga. Nisiposema, atarudi kupiga magoti mule ndani. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili si sikio la mtu mwingine. Ni la dada yangu.

Nimeosha vyombo vilivyokuwa tayari safi.

Jumapili, 15 Juni

Nimesema.

Kwaya ilimaliza, nikaitwa, watu wakapiga vigelegele. Nikashika kipaza sauti. Nilikuwa nimepanga maneno marefu, yote yakayeyuka. Nikasema: sikuanguka kwa sababu nilikuwa nimesimama. Nilikuwa nimesimama kwa sababu sisali. Sisali kwa sababu siamini. Hewa mbaya iko chini, na kila atakayepiga magoti mule ataivuta. Msiende.

Mama mmoja akalia, "Yesu weee!" Mchungaji akachukua kipaza sauti, si kwa ukali. Kwaya ikaanza tena kabla ya zamu yake.

Dada hakuniangalia. Alikuwa akitazama mikono yake.

Aibu inaniunguza. Sijutii. Yote mawili ni kweli.

Jumatano, 18 Juni

Dada hapokei simu. Nimekwenda kwake, majirani wanasema yuko kwenye mfungo kanisani.

Barabarani watu wananisalimu kwa "pole, Mwalimu", kana kwamba nimefiwa. Wanafunzi wananitazama sana. Usiku najaribu kuomba, kwa ajili yake tu, kama mtu anayejaribu funguo kwenye mlango wa nyumba aliyokwisha kuhama. Haufunguki. Nimelia.

Jumamosi, 21 Juni

Sikwenda kokote. Nilikaa na simu mapajani toka asubuhi.

Alasiri dada aliingia bila kubisha, viatu vimejaa vumbi jeusi. Nilimshika uso kwa mikono miwili kuhakikisha. Akasema walikwenda. Hakuna aliyeshuka. Walisali juu, ukingoni, wamesimama, hata wazee. Mchungaji aliwaambia Mungu anaweza kutumia hata mdomo wa asiyemwamini.

Nimecheka. Halafu nikakasirika. Halafu hata hasira ikaisha.

Hakuniuliza kama nilichosema ni kweli. Alisema tu, "Ungeniambia mimi kwanza." Nikasema ndiyo. Akala viazi na maharage, sahani mbili, akalala palepale kwenye kiti.

Nilikaa karibu nikisikiliza pumzi yake. Inaingia, inatoka. Nilitaka sana kumshukuru mtu. Sikupata wa kumshukuru, nami shukrani ilikuwa imenijaa mpaka kooni. Nikamfunika kitenge, nikaacha dirisha wazi.