Sauti ya Fidelis

Jumapili, Soweto, Mbeya. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, nami asubuhi yote sikutoka kitandani ila kuswali.

Fidelis amefariki leo alfajiri.

Nimeiandika hivyo ili niione kwa macho. Mdogo wake, Imelda, ndiye aliyenipigia simu kutoka Kilolo. Alisema, "Dada Mwanaidi, kaka ametutoka." Tukasikilizana tunavyopumua mpaka simu ikakatika.

Kwa asiyetujua: mimi na Fidelis tulikuwa tunatafsiri filamu katika studio moja ndogo hapa mjini. Tulichukua zile filamu za mapenzi za Kiingereza zilizotolewa kwenye riwaya za kale, za magauni marefu, magari ya farasi na barua zinazofika zimechelewa, tukaziingizia Kiswahili. Watafsiri wengi hufanya peke yao, mtu mmoja anasema sauti zote na kuongeza vichekesho. Sisi tulikuwa wawili, yeye wanaume, mimi wanawake, na hatukuongeza kitu. Bosi alisema hazitauzika. Zikauzika. Akina mama wa sokoni walizipenda, maana mle ndani kuna posa, kuna mashangazi wanaoingilia yasiyowahusu, kuna binti anaambiwa mchumba wake si wa kwao. Mambo hayo hata yasipotafsiriwa yanaeleweka.

Fidelis alikuwa msomaji wa masomo kanisani kwao kabla ya kuja Mbeya. Sauti yake ilikuwa nzito, isiyo na haraka. Kabla hajarekodi filamu yoyote alitafuta kwanza kitabu chake, akakisoma chote. Nilimuuliza kwa nini anajitesa.

"Filamu imeshakikata kitabu," aliniambia. "Na sisi tukiikata filamu, mama wa watu atabaki na nini?"

Wanaume wa hadithi zile huzunguka mbuyu. Mtu anampenda mwenzake kimoyomoyo kitabu kizima, ndipo mwishoni anafungua mdomo. Siku moja tulimaliza kurekodi posa ya namna hiyo. Fidelis akavua hedifoni, akasema taratibu, "Mwanaidi, hayo ya leo sikuwa natafsiri."

Nilikuwa najua. Nilimjibu kwamba nyumbani kwetu hawawezi kumpokea Mkristo, na kwamba baba ni mtu mzima, ana presha, hana mwingine wa kumwangalia ila mimi. Akasema, "Najua." Hatukulizungumza tena. Tuliendelea kuambiana maneno yale kila siku, kwa majina ya watu wengine.

Huo ndio uchumba tuliokuwa nao.

Halafu sauti yake ikaanza kukwaruza. Tulidhani ni baridi ya huku kwetu. Akanywa tangawizi na asali, akafunga skafu shingoni, akawa anarudia sentensi moja mpaka itoke safi. Hospitali wakakuta uvimbe kooni. Aliporudi kutoka kwenye upasuaji alikuwa na tundu shingoni, na sauti hakuna kabisa. Na ugonjwa ulikuwa umeshashuka kwenye mapafu. Wakamchukua nyumbani Kilolo, kwa mama yake.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona. Nilimwambia baba ni mgonjwa wa kazini, na hilo lilikuwa kweli. Nikapanda basi mpaka Iringa, nikalala kwa mtu ninayefahamiana naye, asubuhi nikaunganisha gari la Kilolo.

Mama yake alinipokea uani, mikono ina udongo wa viazi. Nikamwamkia kwa Kihehe, "kamwene", kama Fidelis alivyonifundisha. Akanitazama sana.

"Wewe ndiye yule wa kwenye filamu?"

"Ndimi, mama."

"Sauti yako naijua. Karibu, mwanangu. Yuko ndani, ila usishtuke."

Nilishtuka. Alikuwa amebaki macho na viganja. Alitabasamu, akaandika kwenye simu yake, "Umekuja na kazi?" Nikacheka, nikalia, nikacheka tena.

Kazi nilikuwa nimekwenda nayo. Ilikuwa ile filamu tuliyoianza kabla hajaugua, tukaifikisha karibu na mwisho. Nikaiwasha kwenye kompyuta, nikaiweka juu ya stuli karibu na kitanda. Mama yake akakaa miguuni pake na bakuli la njegere za kumenya. Tukamsikiliza Fidelis mzima, Fidelis wa zamani, akimsemea bwana mmoja mwenye kiburi. Mama yake alikuwa anamenya bila kuangalia njegere.

Kisha tukafika mahali aliposhindwa kuendelea. Yule bwana amerudi kutoka safari ndefu, amesimama mlangoni, anataka kusema. Kiswahili kikaisha, kikatoka Kiingereza kitupu. Nikanyoosha mkono nizime. Fidelis akanizuia. Akaonyesha kwa kidole nipunguze sauti tu.

Nikaipunguza mpaka kukawa kimya.

Akaanza kusema. Midomo ilikuwa inakwenda, na pale shingoni hewa inatoka, basi. Mwanzoni alikuwa anamfuata yule bwana wa kwenye kioo cha kompyuta. Halafu akaacha kuangalia kioo. Akaniangalia mimi.

Mama yake akauliza, "Anasema nini?"

Nimetafsiri maneno ya mabwana wengi wa Kiingereza bila kukwama. Pale nilikwama. Nikasema, "Mama, anasema... si maneno ya filamu."

Mama yake akaweka bakuli chini. Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, na nadhani alikuwa ameelewa muda mrefu kabla yangu.

"Basi mjibu."

Nikamshika kiganja. "Na mimi pia, Fide. Siku nyingi."

Akafumba macho. Mama yake akatoka nje, tukabaki wawili mpaka jua lilipoanza kuingia dirishani kwa ubavu na ikabidi niwahi gari.

Sikumwona tena.

Bosi amenipigia leo saa saba mchana. Alianza na pole, alikuwa mpole kweli. Kisha akasema amepata kijana mwenye sauti nzuri, na sehemu za Fidelis itabidi zifutwe zirekodiwe upya, maana mtazamaji hawezi kusikia mtu mmoja akibadilika sauti katikati. Nimemwambia asifute kitu mpaka nirudi kutoka kwenye mazishi. Ameguna. Hakuahidi.

Baba alikuwa barazani, amesikia. Nilipomwambia nataka kwenda tena Kilolo, aliniita nikae.

"Wiki iliyopita ulikwenda kumwona. Sasa unakwenda kumzika. Huyu alikuwa nani kwako?"

Ningeweza kusema mfanyakazi mwenzangu. Na hilo nalo ni kweli. Lakini nimechoka, shajara. Nimechoka kusema ya moyoni kwa vinywa vya watu.

"Ningeolewa naye, baba, kama ungekubali."

Hakunifokea. Angenifokea ningejua pa kushika. Alisema, "Hukuniuliza," kisha akanyanyuka akaingia chumbani kwake, akafunga mlango polepole. Adhana ya alasiri imepita hajatoka. Baba akiwa na uzima hakosi msikiti.

Je, ningemuuliza, angekubali? Hilo neno lake linanizunguka tangu mchana. Naogopa kwamba angekataa. Naogopa zaidi kwamba angekubali.

Nimefunga begi. Basi la Iringa linaondoka kabla hakujapambazuka. Itabidi nipite mbele ya mlango wake, na sijui kama nitagonga kumuaga.