Randa Niliyoijaribu kama Maksai

Bariadi, Jumamosi

Meza ya chuma ya mashine hii ya randa niliyonunua leo ni ndefu, nzito, na imenyooka kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia katika karakana yangu.

Tangu bega liliposhindwa kusukuma randa ya mkono, nilikuwa nimekwisha kukata tamaa ya useremala. Siku hizi za biashara huria, Masunga, muuza vifaa vya ufundi, ameleta dukani kwake mashine mbili za randa za umeme: moja mpya inayong'aa, nyingine kuukuu kutoka Ulaya. Nilikataa kuchagua kwa macho. Nilimpa mbao mbili za mninga zilizopinda azijaribie mashine zote mbili.

"Mzee, hii si maksai, hata uifunge jembe kwanza ndipo ununue!" Masunga alinitania.

"Maksai akishindwa kulima, nitamla. Hii nitaila?"

Wateja walicheka, naye akawasha. Ile mpya ilitetemeka, ikaziacha mbao na mawimbi. Ile kuukuu ilizipitia kwa utulivu wa ajabu. Masunga aliziunganisha kingo, akaziinua mlangoni.

"Mwanga haupiti, Mzee."

Niliinunua hiyo.

Nauhofia umeme wetu, maana ukikatika… Hata hivyo, kesho baada ya ibada nitamwambia jirani asitafute fundi mwingine wa kitanda cha binti yake.