Mshahara wa Kwenu

Bellevue, Johannesburg

Kaka yangu Athumani,

Shikamoo. Natumai nyote hapo Tanga mmeamka salama, na goti la mama limeacha kumsumbua. Mimi mwili mzima, moyo ndio umechafuka.

Umeniuliza kama mdogo wetu Mwajuma aje nimtafutie kazi kwenye dobi ninakopiga pasi. Jibu langu ni asije, na usinune kabla hujasikia sababu.

Kwenye dobi letu, huku Turffontein, tunapiga pasi mashuka ya nyumba za wageni. Pasi ni zile zile, joto ni lile lile, na sheria ya nchi hii imeweka kima cha chini kimoja kwa kila mfanyakazi, atoke anakotoka. Bosi anaijua vizuri. Lakini mgeni akija kuomba kazi, bosi anatoa simu, anatafuta kima cha chini cha nchi ya yule mtu, anaongeza kidogo, kisha anamwambia, "Huko kwenu ungepata hii? Sema asante." Kwa hiyo Mkenya ananizidi mimi, mimi namzidi Mrundi, na wote tumesimama meza moja. Mtu mzima na akili zake anapanga watu kama mafungu ya nyanya. Inatia kinyaa.

Watu si wajinga, wakaanza wote kuwa Wakenya. Ndipo bosi akaniita. "Wewe unajua lugha yao. Ongea nao, halafu uniambie wametoka wapi." Akaniongezea kidogo kwa kazi hiyo, nami nikapokea. Ndiyo, kaka, zile pesa za dawa ya mama mlizonishukuru zilitoka humo.

Mwezi uliopita akaja mama mmoja, Jeanine, akasema ni wa Mombasa. Nikamuuliza mtaa gani.

"Bon, ni kule karibu na mji, dada," akajibu, macho chini.

Hata mtoto angejua: mtu wa Mombasa hasemi "bon", hicho ni Kifaransa cha Burundi. Nikamfuata bosi ofisini nikamwambia, Burundi. Akasema, "Sharp," yaani sawa, akamwandika chini kabisa kwenye orodha ya mishahara.

Kesho yake Jeanine akaletwa mezani kwangu. Saa ya chai akanimegea mkate wake. "Asanti sana, dada. Bila wewe kunisemea, hii kazi singepata." Mkate ule nao nikaupokea. Nimeona watu wachafu wengi mji huu, lakini siku ile mchafu nilikuwa mimi.

Nilivumilia siku tatu. Ijumaa nikamwendea bosi nikamwambia nilikosea, yule mama kweli ni wa Mombasa. Akacheka. "Eish, kumbe huwezi kuwatofautisha. Basi hata wewe nitajuaje ni Mtanzania?" Na pasipoti yangu ameiona kwa macho yake. Jeanine hakupandishwa hata senti. Mimi nikanyang'anywa ile nyongeza, kisha nikashushwa.

Natafuta kwingine. Nikipata wanapolipa watu wote sawa, nitamwita Mwajuma mwenyewe. Kwa sasa abaki na cherehani yake.

Nisalimie wifi yangu mpishi wa shule, na mjomba fundi baiskeli, mwambie kofia yake nimeshainunua. Mama mweleze taratibu kwamba nitakachotuma safari hii ni kidogo, na si kwamba nimewasahau. Mwezi huu mimi ni Mrundi.

Mdogo wako,
Zuhura