Kaka Yako Amekuja na Jembe

Mwanza, Jumapili mchana, mwezi wa saba, 1959. Mwaka na miezi kadhaa tangu mimi na wewe tushuke kwenye meli ya Kisumu, na huu ni mwezi wa tano tangu nibaki peke yangu.

Zakaria, mwenzangu,

Kaka yako amekuja. Owuor, yule mkubwa, uliyekuwa ukisema ana mikono kama makasia. Alishuka melini juzi na gunia moja, na ndani ya gunia mlikuwa na jembe. Hakulificha. Alilisimamisha ukutani, pale pale ulipokuwa ukitundika shati lako jeupe, akakaa kwenye mkeka wako, akaniambia, "Filemoni, mimi sikuja kusalimia. Nimekuja kumchukua mdogo wangu. Nionyeshe alipolala."

Nilimwambia apumzike kwanza, nimpikie. Akala. Akarudia maneno yale yale.

Sasa hivi ameenda bandarini kuulizia meli ya kurudi. Akirejea anataka jibu, na jibu sina. Ndiyo maana nakuandikia. Unajua mimi shule niliiacha darasa la nne, na barua zetu zote za kwenda kanisani ulikuwa unaandika wewe, mimi naweka jina tu. Leo vumilia mwandiko wangu.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenifunga. Siku ile homa ilipokuzidi, ulinishika mkono, mkono wako unachoma kama sufuria, ukasema, "Usinirudishe. Ukinirudisha watasema kazi ilinishinda." Nikasema sawa. Ningesema nini? Ulikuwa unatetemeka mpaka meno yanagongana. Nilidhani nasema sawa kwa mgonjwa ambaye kesho ataamka adai chai. Hukuamka. Tukakuzika jioni ile ile, mimi na vibarua wa jineri, wenzetu wa kiwanda cha pamba, ukiwa umevaa shati lako na tai yetu. Tai ilikuwa moja, unakumbuka, tukipokezana, wewe wiki hii mimi wiki ijayo. Wiki ile ilikuwa zamu yangu. Nikakufunga wewe.

Sasa Owuor anasema mama yako hafungi mlango. Tangu habari zifike, kila jioni anakuwekea ugali kwenye sahani, anaufunika, anaacha mlango wazi. Jirani wakimwambia afunge, mbwa wataingia, anajibu, "Zakaria atapita wapi?" Wazee wamesema mtu akizikwa ugenini bila watu wake hatulii, anazunguka. Amezunguka mpaka mtoto wa Owuor ameanza kuugua. Ndivyo anavyosema. Mimi na wewe tumehubiri milango mingi kwamba mambo hayo si ya kuogopwa. Lakini ni rahisi kuyahubiri kwa mama wa mtu mwingine.

Na kuna jambo jingine, baya zaidi. Owuor aliniuliza, "Baba alipokufa, Zakaria alipata habari?" Nikasema alipata. Akasema, "Na hakuja." Nikasema hakuja. Akalitazama lile jembe. Kisha akasema, "Hakumzika baba. Yeye naye amezikwa na watu asiowajua. Nyumba yetu ina laana gani?"

Nilitaka kumweleza, nikashindwa. Ningeanzia wapi? Kwamba kanisa letu linawatuma vijana wawili wawili, miaka miwili, na ndani ya miaka hiyo hakuna kurudi nyumbani, kwa ugonjwa wala kwa msiba? Kwamba tunalala wawili, tunatembea wawili, tunajilisha kwa mikono yetu wenyewe, na mmoja asionekane barabarani bila mwenzake? Anayajua yote hayo. Alikuwepo kanisani siku tuliyoapa. Asichokijua ni jioni ile.

Mpishi wa meli, yule wa kijijini kwenu, ndiye aliyeleta habari ya baba yako. Alikukuta getini kwa jineri, umefunikwa na nyuzi za pamba kichwa chote kama mzee wa mvi. Akakwambia. Ukasema asante. Tukaenda ziwani kuoga, tukavaa mashati, nikadhani leo tutabaki nyumbani. Ukasema, "Twende Kirumba. Tulimwahidi yule fundi baiskeli." Nikakufuata. Tulipofika, nikagonga, kama kawaida yetu. Mimi nagonga, wewe unasema hodi, kwa sababu Kiswahili chako kilikuwa kizuri na sauti yako ilikuwa haimtishi mtu. Nikagonga, nikangoja. Kimya. Nikakutazama. Midomo yako ilikuwa inatingishika na hakuna kilichotoka. Fundi akafungua, akatukuta tumesimama kama magogo. Akasema, "Leo mapacha mmekuja kunitazama tu?" Ukageuka ukaenda zako kwenye mawe, ukakaa chini huko, ukalia. Mimi nilikaa pembeni yako. Kesho yake ulienda kazini.

Hiyo ndiyo jioni ambayo kaka yako haijui. Anadhani baba yake alikufa na wewe hukujali.

Nikwambie habari za hapa, maana nikiendelea na hayo nitashindwa kumaliza.

Jineri bado inatukamua. Msimu umeanza, pamba inakuja kwa malori mchana kutwa, na mimi sasa nipo kwenye marobota, siyo tena kwenye mashine. Mgongo umekwisha. Nyapara ni yule yule. Anasema, "Uhuru unakuja, ninyi wa Kenya mtarudi kwenu na marobota yenu mgongoni." Wenzake wanacheka. Nami nacheka, lakini siku hizi vijana wa hapa wanatuangalia tofauti, wanauliza mtu katoka wapi kabla hawajauliza jina. Mikutano ni mingi. Hata yule fundi baiskeli wetu hana muda wa neno la Mungu, anasema tumwache kwanza apate bendera.

Mwenzangu mpya hajaletwa. Mchungaji alituma salamu kwamba nisihubiri peke yangu, nikae, nifanye kazi, nisubiri. Nikasubiri. Lakini mwezi uliopita nilishindwa kukaa ndani nikitazama mkeka wako. Nilivaa shati, nikaenda kwa Bibi Tabu, yule mama wa Kiislamu anayekaanga samaki, ambaye hakutaka kusikia hata mstari mmoja wetu lakini hakutuacha tuondoke bila sato. Nikafika, nikagonga. Nikangoja. Zakaria, nilikuwa nakungoja wewe useme hodi. Nikagonga tena, nikangoja tena. Ndani nikasikia mtoto anaanza kulia, na Bibi Tabu anasoma dua. Kumbe amejawa hofu, nani huyu anagonga mara mbili bila kusema kitu? Alipofungua alikuwa ameshika mwiko kama rungu. Akaniona, akaona upande wangu wa kulia hakuna mtu. Akatupa mwiko chini. "Mjukuu wangu," akasema, "ingia. Usigonge tena kwa wawili."

Nimesikia hatua. Nadhani ni yeye.


Jumanne asubuhi.

Hakuwa yeye, ilikuwa jirani. Owuor alirudi jioni. Meli inaondoka Alhamisi. Akaweka tiketi yake juu ya meza, akasema, "Kesho asubuhi kabla ya king'ora. Ukikataa nitafukua makaburi yote ya vibarua moja moja mpaka nimpate." Hatanii, unamjua. Na hana kibali. Nilimwambia, ukikutwa unafukua kaburi bila kibali cha serikali, utafungwa, na mama atakuwa amepoteza watatu. Akasema, "Kibali cha kumchukua ndugu yangu naomba kwa nani?"

Basi nilifikiri hivi: nikimwonyesha, atakufukua na ahadi yangu imevunjika, na pengine polisi watatubeba wote. Nisipomwonyesha, atafukua watu wa watu. Kaburi lako sasa halitambuliki kwa mwingine. Kanisa letu haliweki msalaba, kile kipande cha ubao chenye namba kililiwa na mchwa, mvua ya masika imesawazisha udongo. Mimi nililitambua kwa ukanda wa chuma wa robota niliouchomeka upande wa kichwani. Ukiupita hujui kama ni kaburi au ni takataka.

Jana asubuhi nikampeleka.

Tulipita nyuma ya yale mawe makubwa ya Igogo, yeye mbele na jembe begani, mimi nyuma nikimwelekeza. Nilisimama kwenye kile chuma nikasema, "Yuko hapa." Akavua kofia. Akavua shati. Akauliza, "Mlimlaza ubavu gani?" Nikasema wa kulia, kama ilivyo desturi yenu Wajaluo kwa wanaume, maana uliwahi kuniambia. Hilo lilimshtua. Alidhani tulikutupa chali. Akanitazama kama anaanza kunijua. Lakini bado akainua jembe.

Nikaingia kati. Sikupanga. Niliona tu nimesimama juu yako na jembe liko juu ya kichwa changu. Owuor alipiga kelele, "Toka!" Nikasema sitoki. Na ndipo nikamwambia. Nikamwambia jioni ile ya Kirumba, midomo yako, yale mawe, kilio. Nikamwambia ulivyonishika mkono na uliloomba. Sikusema vizuri, Zakaria. Nilichanganya, nilirudia rudia, Kiswahili chote kilinipotea. Nilikuwa nadhani atanipiga.

Alilishusha jembe polepole. Akauliza, "Alilia?"

Nikasema alilia sana.

Akakaa chini, pale pale, mtu mzima yule, akashika kile chuma cha robota kama anashika mkono wa mtu. Baadaye sana akasema, "Mama hajui kwamba alilia. Anadhani kanisa lilimfanya jiwe." Kisha akaniambia la kwao. Mtu akipotelea mbali, mwili usipatikane, wanachukua lile tunda refu la mti wa yago, wanalizika mahali pake, kwa kilio na kila kitu, kama mtu. Wazee walikuwa wamekubali hilo tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyekataa, akasema hamziki ndugu yake kama tunda wakati mifupa ipo. "Sasa nitakubali," akasema. "Lakini kwa sharti moja. Hayo uliyoniambia mimi, utamwambia mama. Wewe, kwa mdomo wako. Mimi sitamwambia. Hataniamini."

King'ora cha jineri kikalia. Hatukuinuka.

Unajua maana yake, Zakaria. Miaka yangu miwili haijaisha. Nikipanda meli Alhamisi nimekivunja kile tulichoapa, na kibaya zaidi, naenda kusimama kwenye mazishi ya tunda, jambo ambalo mchungaji analiita ushenzi wazi wazi. Jina langu halitasomwa siku ya kupokewa waliotumwa. Baba yangu ameshawaambia watu wote wa Bunyore kwamba mwanawe atasomwa. Na nyapara akinikosa, kuna kumi wanaosubiri nafasi yangu getini. Nimeyajua yote hayo nikiwa nimekaa pale na kaka yako. Lakini tulitumwa wawili ili mmoja asimwache mwenzake. Kama hiyo ndiyo sheria yenyewe, basi naona naishika.

Wewe ulitii, na ulipotii nilikuheshimu, na ninakuheshimu mpaka leo. Ila nilikaa pembeni yako kwenye yale mawe na nilikuona. Sitaki mtu mwingine alipe vile.

Tumechota udongo wa kichwani kwako, tumeuweka kwenye lile kopo lako la kunywea chai. Litazikwa pamoja na tunda. Wewe mwenyewe unabaki hapa kama ulivyotaka, hakuna atakayesema kazi ilikushinda. Jembe Owuor amemwachia Bibi Tabu. Jana jioni bibi alikuja mwenyewe kutuletea samaki wa njiani, akaliona, akasema, "Hili niachieni, nitampalilia mjukuu wangu majani yasimfunike." Owuor akamshika miguu, akamwamkia, "Shikamoo mama," mara tatu. Bibi akasema, "Marahaba, marahaba, inatosha, utanivunja magoti." Kabla ya Alhamisi nitamwonyesha kile chuma.

Naogopa, lazima nikwambie. Siogopi mchungaji. Naogopa ile nyumba yenu, ule mlango ulio wazi na sahani iliyofunikwa. Hakuna cha kugonga. Nitasimama kizingitini jioni, na mama yako atasikia nyayo, atainua kichwa akidhani ni wewe. Hapo ndipo kazi ilipo. Lakini sitakungoja. Hodi nitasema mwenyewe, kwa sauti, nilitaje na jina langu, ili ajue mapema ni nani aliyekuja na ni nani ambaye haji. Nitakula ule ugali kama atanipa. Kisha nitamwambia ulilia.

Lala, mwenzangu. Hutembei peke yako na hufungiwi mlango na mtu yeyote tena. Mimi narudi. Kazi ikiwa imepotea nitatafuta nyingine, bandarini wanahitaji migongo. Kilio cha kwenu kikimalizika nitapanda meli ya kwanza, na kabla mwezi wa nane haujaandama nitakuwa Igogo. Nitagonga kile chuma chako mara moja, nitasema hodi, na nitaingia.

Mwenzako,
Filemoni