Kikapu Ndani ya Tangi la Rajabu

Jumatano, baada ya isha.

Eti hawa samaki si kuku. Mwanangu Rajabu kaniambia hivyo mbele ya mkewe, na mimi ndiye niliyemfundisha kufuga.

Tangi lake la samaki wa bahari limejaza sebule nzima, hapa Makole tunakopanga foleni ya maji ya kunywa. Wiki iliyopita alileta samaki mgeni kutoka Dar, akammwaga humo. Mwenyeji mmoja wa tangi, mkubwa wa buluu, akamkimbiza na kumng'ata mpaka akafa. Jana kaleta mwingine, wa manjano, akataka kummwaga vilevile.

Nikamnyang'anya. Nikachukua kikapu cha plastiki cha kuoshea mboga, nikamtia mgeni humo, nikakining'iniza ndani ya maji. Kuku mgeni hufunikwa tenga bandani siku tatu, wenyeji wamtazame mpaka wamchoke.

Leo asubuhi wa buluu alikigonga kikapu kama mwenye wazimu. Alasiri kachoka, kaenda zake kula.

"Mama, mfungulie sasa, wameshazoeana," Rajabu akasema.

"Zimebaki siku mbili."

"Na akifia humo?"

Nikamwambia aliyekufa alifia mikononi mwake, si mwangu.

Ila huyu wa manjano hajala tangu jana, na roho yangu haijatulia. Akifa, nitasimangwa kwa habari ya kuku mpaka naingia kaburini.

Basi na nisimangwe. Hatoki. Kiti changu nimekihamishia mbele ya tangi, na anayekitaka kikapu aanze kuniondoa mimi.