Sehemu Isiyokuwamo Kitabuni

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu tele kama maranda kwenye soksi za Baba. U mzima huko? Na duka la rangi, na yule mwenye nyumba wako anayepiga chafya hadi ukuta unatikisika, hajambo? Sisi tu wazima. Mama anauliza kama unakula vizuri, kisha anasema nisikuulize, maana utanidanganya.

Kubwa la huku ni kwamba karakana imepata mashine mpya ya kupasulia mbao. Ile ya zamani, unayoijua kuliko sisi sote, imeuzwa chuma chakavu. Mpya imekuja na kitabu cha maelekezo cha kurasa arobaini, chote kwa lugha ya kigeni. Baba akasema ananilipia ada nisome kwa lugha mbili, basi moja niilete kazini: nikitafsiri, niwasomee mafundi Jumamosi asubuhi. Wewe unanijua. Mimi ni mtu wa kumtuma Mama aniulizie dukani kama chumvi ipo.

Nilitafsiri vizuri tu, kamusi pembeni. Jumamosi nikasimama mbele ya mafundi sita nikasoma kwamba mtumiaji ahakikishe kinga ya msumeno imefungwa, mtumiaji asisogeze mkono karibu na meno, mtumiaji hivi, mtumiaji vile. Kufika ukurasa wa nne, Milimita, yule fundi anayepima ubao mara tano ndipo aukate, alikuwa anakoroma. Mama Vanishi, yule mama anayepaka vanishi, akaniuliza kwa upole huyo mtumiaji ni mtoto wa nani, maskini, mbona tangu asubuhi kazi zote anapewa yeye. Karakana nzima ikacheka. Nami nikacheka, huku machozi yako karibu.

Ndipo nikaiona ile kinga yenyewe. Ilikuwa rafuni. Walikwisha kuifungua, ati inaziba mstari wa penseli. Nikatazama mikono ya Milimita aliyelala, vidole vyote kumi, nikashindwa kuendelea kusoma. Nikafunga kitabu, nikaokota msasa na kipande cha ubao, maana mikono yangu ikiwa na kazi mdomo unapata ujasiri. Nikaanza kusugua bila kumtazama mtu, nikawaambia kulikuwa na fundi mmoja mwenye mbwembwe, aliyekuwa akipiga mluzi msumeno ukamwitikia. Walijua ni nani.

Nikasimulia alivyoitoa kinga kwa sababu ilimpunguzia mwendo, alivyousukuma ubao, mluzi juu, vumbi la mbao kwenye kope. Hapo nikanyamaza, nikasugua. Kaka, walinisogelea. Milimita huyohuyo aliyekuwa anakoroma akauliza, haya, ikawaje? Nikaongeza kusugua kidogo, makusudi. Ukimya nimeuonea aibu miaka yote, kumbe unaweza kuwavuta watu wazima sita mpaka chai yao ikapoa. Nilitamani kucheka kwa utamu.

Kisha nikafika mahali pagumu. Uliwaambia watu wote kwamba ulisinzia. Nikasema hivyohivyo, kwamba fundi akasinzia. Mama Vanishi akanikatiza, akasema hapo pana uongo, mtu anayepiga mluzi hasinzii saa nne asubuhi. Wote wakaitikia. Nami sikuwa na pa kupita.

Kwa hiyo nikasema, kaka. Nilisema fundi alikuwa na mdogo wake, aliyetoka shule mbio na karatasi ya matokeo, akasimama mlangoni na kumwita kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa tena, naye akageuza kichwa. Ncha za vidole viwili zikaenda. Kule hospitali ulinikonyeza nisiseme, nami nikalitii lile konyezo miaka miwili. Baba alipokuita mzembe mbele ya watu nilikuwepo. Ulipofunga begi nilikuwepo. Nisamehe kwa kukuita, na zaidi kwa kukuacha uubebe mzigo wangu. Nisamehe pia kwamba siri uliyonitunzia nimeitoa bila kukuuliza.

Nilipoinua macho, Baba alikuwa nyuma yao. Milimita akainuka, akaichukua kinga rafuni, akaipima, akaipima tena, akaifunga. Watu wakaangua kicheko, nami safari hii nikacheka kwa moyo wangu wote. Tangu siku hiyo ni sheria: fundi aliye kwenye mashine haitwi, anasubiriwa mahali atakapokuona mwenyewe. Jana Mama alisimama dakika kumi na chakula mkononi, akinung'unika kwa kunong'ona.

Jioni ya Jumamosi ile Baba alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akaniomba anwani yako, ambayo anayo. Hakunigombeza. Alisema aliyekutukana mbele ya watu ni yeye, si mimi, na atakuomba radhi kwa mdomo wake. Anakuja kwako Jumamosi, basi la asubuhi. Kama una hasira, ninakuomba uniwekee mimi. Baba mwache amalize anachotaka kusema, hata akikwama, maana atakwama.

Mama Vanishi na wenzake wanakusalimu mno. Nami nakukumbatia kwa mikono miwili.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda

Leo Baba amenunua shati jipya. Amemwambia Mama ni la kazini.