Waliobatizwa kwa Ajili ya Wafu

Jumanne, 4 Novemba 2025

Siku ya tisa tangu tumzike Mathilde, mdogo wangu. Leo Mama alinionyesha 1 Wakorintho 15:29. Hao waliobatizwa kwa ajili ya wafu ni akina nani? Sikujua. Miaka sita natafsiri mahubiri ya Pasta Marcellin, Kifaransa kwa Kiswahili, kwa sisi tuliovuka mpaka kutoka Uvira – mstari huo hajaugusa hata mara moja!

Mama anataka abatizwe tena, kwa jina la Mathilde. Mathilde alimaliza mafundisho yote ya ubatizo. Pasta akamwambia angoje, kwanza afunge ndoa na Pierre, aliyekuwa akiishi naye. Akangoja miezi minane. Malaria ikampanda kichwani. Siku nne tu.

Alhamisi, 6 Novemba

Tumekwenda kwa pasta. Ni mwenyeji wa huku, mtu wa Gitega, Kiswahili kinamshinda, kwa hiyo nilikaa katikati nikitafsiri. Anasema wasomi wanabishana juu ya mstari huo tangu zamani. Labda Paulo alitaja tu desturi ya watu fulani, bila kuikubali.

Mama akasikiliza mpaka mwisho.

«Mi sikusoma, pasteur. Lakini Paulo aliwakataza?»

Pasta akakuna shingo. Hakuwakataza, alisema, wala hakuwasifu.

«Sasa we unanikatazia nini?»

Pasta akasema Jumapili atauhubiri mstari huo, kanisa lote lisikie. Na mimi nitatafsiri, kama kawaida. Kama kawaida!

Ijumaa, 7 Novemba

Nikikataa kutafsiri, pasta atamweka mwingine.

Jumapili, 9 Novemba

Nimefanya.

Alisema kwa Kifaransa: watu wale walipotea, na aliyedharau ndoa akafa bila maji, asilaumiwe mtu. Akanigeukia nitafsiri. Mama alikuwa benchi la pili.

Nikasema kwa Kiswahili: «Paulo hakuwakataza. Na mutu akifa anangojea maji, ataulizwa yule aliyemuzuia.»

Halafu kilio, benchi kwa benchi. Mama Geneviève, aliyezika mtoto mwaka jana kabla ya ubatizo, alipiga magoti. Pasta akaona machozi, akadhani ni maneno yake yaliyowagusa – akainua mikono: «Amen!»

Mzee Fortunat anajua lugha zote mbili. Nilimwona akimnong'oneza pasta sikioni. Uso wa pasta ukabadilika. Nilitoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Saa tisa alasiri. Pasta amepiga simu mara sita, sijapokea. Uani wamejaa wanawake, saba, nguo nyeupe. Geneviève ndiye aliyewaleta. Wanataka niwapeleke ziwani nikawabatize leo hii, kila mmoja na jina la mfu wake. Nimewaambia mstari siuelewi hata mimi, na yale ya kanisani niliyasema kwa hasira. Hawasikii. «We ndiye ulitufasiria,» wanasema.

Mama ameingia, kitenge kimefungwa kiunoni. Hakai. Anauliza: nikimzamisha majini, nitamwita jina gani – lake, au la Mathilde?